Ukizima, imesahau: kuishi na kompyuta yenye flashi ya GB 2

Mtu akikabidhiwa thini klaenti, yaani kompyuta ndogo ya ofisini iliyotengenezwa kuitegemea seva, kwa mara ya kwanza, lalamiko lake huwa moja: "Jana niliweka vizuri, leo hamna." Kabadilisha picha ya skrini, kaongeza printa, kahifadhi barua pale pale mbele, kazima, kaenda zake nyumbani. Asubuhi mashine inawaka kama hajawahi kuigusa. Anaitwa fundi, na fundi asiyezijua mashine hizi atasema diski imekufa, au kuna virusi, au tubadilishe betri ya ubao mama. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mashine imefanya kile kile ilichotengenezwa kufanya.

Nazitunza mashine za namna hii katika chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, na nyingine chache ofisini kwa watu wanaoniita mara kwa mara. Ni viboksi vidogo visivyo na feni wala hadi diski. Nyingi ni HP t5740: prosesa ya Intel Atom N280 ya GHz 1.66, na zilizonifikia mimi zina RAM ya GB 1 na flashi ya GB 2, yaani chipu ya kuhifadhia isiyofutika umeme ukizimwa, iliyochomekwa kwenye ubao. Zilianzia maofisini Ulaya, zikaondolewa kazini, zikaja na makontena ya vifaa vilivyotumika. Wanunuzi huzipita kwa sababu ya hizo GB 2. Simu ya mwanafunzi ina nafasi kubwa kuliko hiyo. Lakini hazina kelele, hazivuti vumbi ndani kama kompyuta yenye feni, na zinakula umeme kidogo kiasi kwamba UPS moja inazibeba kadhaa. Kwa shule ambayo umeme unakatika katikati ya kipindi, hilo ni jambo kubwa.

Kinachowashinda watu ni kuzizoea. Wanataka ziwe kompyuta za kawaida: waweke Windows kamili, wajaze programu, kila mtu aache mafaili yake humo. Haiwezekani, na baada ya muda mfupi mashine inasusa. Kompyuta ya kawaida inaandika kwenye diski yake usiku na mchana bila kukuuliza. Hii inangoja uiambie. Kwa hiyo anayeitunza lazima ajue, bila kubahatisha, ni vitu gani ameamua vibaki na vinakaa wapi. Akiwa na orodha hiyo kichwani, GB 2 zinamtosha na kusaza.

Tuanze na flashi yenyewe, maana tabia yote hii chanzo chake kiko humo. Flashi ya NAND, iliyotokana na kazi ya Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba na kutangazwa mwaka 1987, haikubali kuandikwa juu ya maandishi ya zamani. Ukitaka kubadilisha herufi moja, sharti bloku nzima ifutwe kwanza, na bloku moja inabeba kilobaiti 128 au zaidi. Kila ufutaji unaichosha seli. Zile za SLC, zinazobeba biti moja, hukadiriwa kuvumilia ufutaji kama 100,000. Za MLC, zenye biti mbili, huwa ni elfu chache hadi kama 10,000. Kidhibiti kilichomo ndani hujitahidi kuzungusha maandishi ili bloku zichoke kwa pamoja, lakini flashi ndogo ina bloku chache za kuzungushia. Na flashi ikiwa imejaa karibu yote, hasa yenye kidhibiti cha zamani, bloku chache zilizobaki wazi ndizo zinazopigwa kila siku. Ndiyo maana nikisema tunatunza nafasi, nasema vilevile tunatunza uhai wa flashi. Kuacha robo yake tupu ni sehemu ya matengenezo.

Waliotengeneza mifumo ya mashine hizi waliliona hilo wakaamua maandishi yote ya kila siku yaende kwenye RAM. Kwa wanafunzi naeleza hivi: RAM ni ubao wa darasani, flashi ni daftari la mahudhurio. Ubaoni tunaandika na kufuta kutwa nzima. Daftarini tunaandika kwa kalamu, mara moja, kile kinachotakiwa kubaki. Wanaelewa haraka kuliko walimu wao.

Mashine ikifika na Windows ndani, kwa kawaida ni Windows Embedded Standard 2009, ile yenye sura ya XP, au Windows Embedded Standard 7. Humo anayesimamia usahaulifu ni kichujio cha maandishi kinachoitwa EWF (Enhanced Write Filter). Kinakaa kati ya Windows na flashi. Windows inaamini inaandika kwenye C:, kumbe kila sekta (kipande kidogo cha diski) inayoandikwa inapelekwa RAM. Ukizima, RAM inafutika na C: iko vilevile. Kwenye HP utaona alama ya kufuli pembeni karibu na saa: ya kijani maana yake kichujio kinafanya kazi, nyekundu kimezimwa. Mashine inajiingiza yenyewe kwa akaunti ya User, na wengi hukwama hapo hawajui pa kuingilia kama msimamizi. Shikilia kitufe cha Shift huku unatoka kwenye akaunti ile, dirisha la jina na nywila litakuja, uingie kama Administrator.

Kuhifadhi ni amri moja:

ewfmgr c: -commit

Kisha unawasha upya, na yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye flashi. Ila amri hiyo haichagui. Inabeba kila kitu kilichoandikwa tangu mashine ilipowaka: printa uliyoongeza, pamoja na takataka za kivinjari, mafaili ya muda, na chochote mtu alichopakua asubuhi hiyo. Nimekuta mashine ambazo flashi yake imejaa kwa sababu tu fundi alikuwa anatoa amri hii jioni, baada ya watu kuitumia mashine kutwa nzima. Utaratibu unaofaa ni kuwasha upya kwanza, RAM iwe safi. Ingia moja kwa moja kama msimamizi, fanya badiliko moja ulilokusudia, usifungue kivinjari, toa amri, washa upya. Hupungukiwi kitu ukifanya hivyo, na flashi inapokea kilobaiti chache tu.

Jambo la pili kuhusu EWF ni kwamba haijui faili, inajua sekta. Mtu akipakua video ya MB 300 halafu akaifuta, RAM iliyotumika hairudi mpaka mashine izimwe. Ndiyo sababu mashine inayoachwa ikiwaka wiki nzima inazidi kuwa nzito kisha inaganda, ingawa ukitazama C: nafasi ipo. Baadaye kilikuja kichujio kingine, FBWF (File-Based Write Filter), kinachofanya kazi kwa faili. Faili likifutwa, RAM yake inarudi, na unaweza kutaja folda ambayo iandikwe kwenye flashi moja kwa moja. Kuanzia Windows Embedded 8 Standard kikaja UWF (Unified Write Filter), ambacho ndicho kimo hata kwenye Windows 10 za aina hii. UWF kikiwashwa bila kubadilishwa kinaweza kuchukua hadi MB 1024 za RAM za kupokea maandishi. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 2 hiyo ni nusu ya mali yote, na mtu asipoipunguza atalaumu prosesa bure.

Kuna ugonjwa mmoja wa vichujio hivi nitaueleza kwa kirefu kidogo, maana unawasumbua watu wengi bila wao kujua chanzo. Ofisi moja iliniita kwa sababu mashine zao, ambazo zilikuwa zimeunganishwa na domeini ya Windows (mtandao ambao seva moja ndiyo inayozitambua kompyuta na watumiaji wote), zilikuwa zinakataliwa na seva kila baada ya muda. Ujumbe ulisema uaminifu kati ya kompyuta na domeini umevunjika. Fundi wao alikuwa anaziondoa kwenye domeini na kuziunganisha upya, zinafanya kazi, halafu wiki kadhaa baadaye hadithi ni ile ile. Walishaamua kwamba tatizo ni seva, na walikuwa wanatafuta bei ya seva mpya.

Kinachotokea ni hiki. Kompyuta iliyo kwenye domeini ina nywila yake yenyewe, tofauti na nywila ya mtumiaji, na kwa kawaida huibadilisha kila baada ya siku 30 bila kumwambia mtu. Kompyuta inaiambia seva nywila mpya, seva inaandika. Kompyuta nayo inaandika, lakini inaandika kwenye RAM. Ikizimwa, inarudi na nywila ya zamani. Seva inashangaa mgeni huyu ni nani. Dawa yake ni thamani moja kwenye rejista, pale Windows inapoweka mipangilio yake: DisablePasswordChange, inayowekwa 1 chini ya Netlogon\Parameters, kisha unahifadhi kwa amri ile ya juu. Baada ya hapo seva yao ile ile iliendelea na kazi. Napenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba mipangilio mingine inabadilishwa na mashine yenyewe kimyakimya, na usipoijua hutaiweka kwenye orodha yako.

Pamoja na yote hayo, shuleni niliiondoa Windows. Msaada wa Microsoft kwa Embedded Standard 2009 ulikoma Januari 2019, na wa Embedded Standard 7 ukakoma Oktoba 2020. Mashine inayoingia intaneti na watoto wadogo haifai kubaki hapo. Tena kinga ya virusi kwenye kichujio ni kazi ya kujirudia: inapakua sasisho zake asubuhi, zinapotea jioni, inapakua tena kesho, na bando ndilo linaloumia.

Nilichoweka ni Tiny Core Linux, mfumo ulioanzishwa na Robert Shingledecker, ambaye kabla ya hapo alikuwa na mkono wake kwenye Damn Small Linux. Mfumo wenyewe pamoja na madirisha yake haufiki MB 30. Mashine ikiwaka, unasomwa kutoka kwenye flashi na kuwekwa wote kwenye RAM. Programu zinakaa kwenye folda ya tce/optional, kila moja ikiwa faili lililobanwa lenye mwisho wa .tcz. Hazikunjuliwi kwenye flashi. Zinafunguliwa zikiwa zimebanwa hivyo hivyo, kwa kusomwa tu. Kisha linakuja faili moja linaloitwa mydata.tgz, na humo ndimo ilimo mipangilio yote uliyoamua kuitunza. Linakunjuliwa juu ya kila kitu, na mashine iko tayari.

Nataka tulitazame hilo faili kwa karibu. Linatengenezwa kwa amri hii:

filetool.sh -b

Amri inasoma orodha iliyo kwenye /opt/.filetool.lst, inakusanya kilichotajwa humo, inakibana, inakiweka kwenye flashi. Orodha inayokuja na mfumo ina mistari miwili tu: opt na home. Hapo ndipo watu wanapopotea pande zote mbili. Upande wa kwanza, vitu vya lazima havimo. Ukibadilisha nywila leo, kesho ya zamani imerudi, kwa sababu nywila iko kwenye etc/shadow na hakuna aliyeitaja. Ukiongeza printa, mipangilio yake iko usr/local/etc/cups, nayo haikutajwa. Upande wa pili, neno home ni pana mno. Linabeba kila kitu mtumiaji alichoacha: PDF za mitihani ya zamani, picha, nyimbo, na folda nzima ya Firefox.

Kuna orodha ya pili, /opt/.xfiletool.lst, ya vitu vya kuachwa. Inakuja tayari na majina ya folda za kashe (nakala za muda za kurasa), kwa hiyo watu hudhani kivinjari kimeshashughulikiwa. Bado. Ndani ya .mozilla kuna folda inayoitwa storage, ambamo tovuti zenyewe huweka data zao, na hiyo haiitwi kashe. Ndiyo inayonenepa. Kuna historia, kuna vidakuzi, kuna vikao vya watu waliosahau kutoka kwenye barua pepe zao. Kwenye kompyuta ya nyumbani mambo hayo yana manufaa. Kwenye mashine inayokaliwa na watoto tofauti kila kipindi, ni hatari.

Ukitaka kujua kilichomo, usikisie. Nenda kwenye folda ya tce kwenye flashi, andika:

tar tzvf mydata.tgz | sort -k3 -n -r | head

Mafaili makubwa yatajipanga juu. Katika mashine mojawapo faili hili lilikuwa limefika MB zaidi ya mia, na karibu yote ilikuwa storage ya Firefox na hati zilizopakuliwa. Mashine ilikuwa inachelewa kuwaka hadi wanafunzi wakaipa jina la babu. Sababu ilikuwa wazi: kila inapowaka, mia zote zile zinakunjuliwa na kuingia RAM kabla hujaona skrini, na zinabaki humo zikila nafasi ambayo kivinjari kingeitumia. Mydata.tgz kubwa inakuumiza mara tatu: kwenye flashi, kwenye muda, na kwenye RAM.

Nimeliondoa neno home kabisa. Orodha yangu ya shule ni hii, yote:

opt
etc/passwd
etc/shadow
etc/firefox
usr/local/etc/cups
usr/local/etc/ssh
home/tc/.ashrc
home/tc/.X.d

Angalia kwamba hakuna mkwaju (/) mwanzoni mwa mistari. Ndivyo mfumo unavyotaka. Mstari wa etc/firefox ndio ulionipa raha kuliko yote. Firefox kwenye Linux husoma faili linaloitwa policies.json kutoka /etc/firefox/policies, na humo unaandika ukurasa wa mwanzo, alamisho za tovuti za masomo, kwamba isikumbuke yaliyojazwa kwenye fomu, na kwamba isitunze kashe kwenye diski. Hilo la mwisho lina maana ya pekee hapa, kwa sababu "diski" ya Tiny Core ni RAM. Kivinjari kinadhani kinaokoa RAM kwa kuandika diskini, kumbe kinaijaza RAM ile ile kutoka mlango mwingine. Kwa faili moja la maandishi, mashine ikizimwa na kuwashwa tena kila mtoto anafungua Firefox safi yenye alamisho zote, na aliyemtangulia hakuacha alama yoyote. Mydata.tgz sasa inapimwa kwa kilobaiti.

Kabla ya kuhifadhi kwa kweli unaweza kujaribu kwa filetool.sh -d, inayokuonyesha bila kuandika kitu. Naipendekeza kwa yeyote anayegusa orodha. Na ukifika kwenye dirisha la kuzimia mashine utaona chaguo la kuhifadhi wakati wa kutoka. Kwangu nimeliweka kwenye kutokuhifadhi. Mfumo unaohifadhi kila unapozimwa unaokota kila badiliko la kila mtu, na wiki moja baadaye huwezi kusema mashine hii ina nini na ile ina nini.

Sasa nafasi yenyewe. Siku moja itakuja arifa kwamba nafasi imekwisha, na swali la kwanza ni: nafasi ipi? Kwenye mashine hizi kuna sehemu mbili zinazoweza kujaa na ujumbe ni mmoja. Andika df -h. Mstari wenye / ni RAM. Mstari wenye /mnt/sda1 ni flashi. Nimeona mtu akifuta programu kwenye flashi ili apate nafasi ya kupakua faili ambalo lilikuwa linakwenda RAM. Alifuta zilizokuwa na faida na faili bado halikuingia. Ikiwa RAM ndiyo iliyojaa, funga programu, futa kilicho kwenye /tmp na Downloads, au washa upya tu. Ikiwa ni flashi, tazama ndani ya tce/optional:

du -k /mnt/sda1/tce/optional/* | sort -n

Kinachojaa hapo kwa kawaida ni programu za majaribio. Mtu alitaka kuona kama LibreOffice itakwenda, akaipakua pamoja na zote inazozitegemea, ikawa nzito, akaacha kuitumia. Hakuitoa. Kuondoa jina lake kwenye onboot.lst, orodha ya programu za kupakiwa mashine inapowaka, kunaizuia isiwake, lakini faili lake bado limelala kwenye flashi. Mfumo una zana yake ya kutafuta zile ambazo hakuna kingine kinachozitegemea na kuzifuta mashine inapozimwa. Itumie hiyo kuliko kufuta kwa mkono, maana .tcz moja inaweza kuwa mguu wa nyingine tano. Baada ya kusafisha, flashi ya GB 2 shuleni imebaki na zaidi ya nusu tupu, na kivinjari, kisomaji cha PDF, kihariri cha maandishi na vya kuchapishia vyote vimo.

Sehemu ya kubadilishana kumbukumbu (swap), ile ambayo Linux huitumia RAM ikibana, isiwekwe kwenye flashi. Itaisaga. Tiny Core huwasha yenyewe namna ya kubana data ndani ya RAM badala ya kuimwaga diskini, na kwa GB 1 inatosha kwa kivinjari chenye kurasa chache. Ukichomeka diski ya nje yenye sehemu hiyo itajaribu kuitumia; neno noswap kwenye mistari ya kuwashia linaikataza.

Bado kuna mafaili ya watu. Mwalimu wa Jiografia aliniuliza, "Fundi, kwa nini mitihani yangu nisiiseve humu humu? Mashine yangu si ile ya dirishani?" Nikamwambia, "Mwalimu, saa tano wanakalia Kidato cha Pili mashine hiyo hiyo ya dirishani." Hakuuliza tena. Kazi za watu zinakaa kwenye seva, ambayo kwetu ni kompyuta ya kawaida yenye hadi diski mbili, na kila mashine inaifungua kama folda kupitia Samba, programu ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Mashine ikifa, hakuna hati iliyokufa nayo. Mwanafunzi anakaa popote palipo wazi. Seva nayo ina nakala rudufu, na hilo ndilo linalonipa usingizi. Viboksi vyenyewe sivihofii.

Nimechukua pia wazo moja kutoka kwa Wyse, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1981 na kununuliwa na Dell mwaka 2012. Mashine zake zenye mfumo wa ThinOS wa matoleo ya zamani hazitegemei mtu kuzipanga moja moja. Zikiwaka zinatafuta seva, zinasoma faili la maandishi liitwalo wnos.ini, na humo zinakuta kila kitu: seva ya kuingia, printa, lugha ya kibodi. Ukibadilisha mstari mmoja kwenye seva, asubuhi mashine zote zimebadilika. Kwa Tiny Core unapata karibu hilo hilo kupitia /opt/bootlocal.sh, inayosomwa kila mashine inapowaka. Yangu ina mstari wa wget unaovuta skripti ndogo kutoka kwenye seva na kuiendesha. Printa ikihamishwa, nabadilisha sehemu moja. Flashi za chumba kizima haziguswi. Seva isipopatikana, mashine inaendelea na mipangilio iliyo kwenye mydata.tgz, na masomo yanaendelea.

Umeme. Mashine isiyoandika kwenye flashi haina cha kupoteza umeme ukikatika. Unaporudi, bonyeza kitufe na imerudi ilivyokuwa. Hilo peke yake limenipunguzia kazi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununuliwa. Hatari iko kwenye ile dakika ya kuhifadhi tu. Umeme ukikatika katikati ya filetool.sh -b, unaweza kubaki na mydata.tgz nusu. Tumia filetool.sh -s, inayoitunza ya zamani kama mydatabk.tgz kabla ya kuandika mpya, na fanya kazi hiyo mashine ikiwa kwenye UPS. Usizime kwa kuchomoa baada tu ya kuhifadhi. Andika sync, subiri irudi.

Kuna mpangilio mmoja ambao hauko kwenye flashi wala RAM, nao ni saa. Unatunzwa na ile betri ya CR2032 kwenye ubao, na mashine hizi zikifika kwetu betri nyingi zimeshachoka. Ikiisha, mashine inawaka ikiamini ni miaka ya nyuma, na kila tovuti yenye https inakataa kwa kusema cheti chake si halali. Watu wanalaumu intaneti. Badilisha betri, na kwa mashine ambayo bado hujaifungua, acha bootlocal.sh iulize saa kutoka kwenye seva kila inapowaka. Ukishabadilisha betri ingia BIOS ukague mpangilio wa kuwaka, kwa sababu huenda nao umerudi ulivyokuwa kiwandani na mashine itatafuta mfumo mahali pengine.

Mashine ya kwanza ikishakaa sawa, usipange ya pili kwa mkono. Iwashe kwa flashi ya USB yenye Tiny Core nyingine, ili ile ya ndani isiwe inatumika, kisha inakili yote kama picha moja kwenda kwenye diski ya nje au seva:

dd if=/dev/sda bs=4M | gzip > thini.img.gz

Hakikisha kwanza kwa fdisk -l kwamba sda ndiyo flashi ya ndani na siyo USB uliyowashia, maana majina hayo hubadilishana. Picha hiyo ndiyo unayoirudisha kwenye mashine yoyote ya aina ile ile yenye flashi isiyo ndogo kuliko ya kwanza, na ndiyo utakayoitumia flashi moja itakapochoka na kubadilishwa. Zikisharudishwa, mashine zote zitakuwa na jina moja na funguo moja za SSH (huduma ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali), kwa hiyo kabla ya kuiunganisha na wenzake badilisha jina kwenye /opt/bootsync.sh, futa funguo zilizo usr/local/etc/ssh ili itengeneze zake, washa huduma ya SSH mara moja, kisha filetool.sh -s.